Mrija umekuwa mweupe kabla ya wakati: kutatua matatizo ya polima zinazoitikia joto katika kusafisha kingamwili

Maelekezo mengi ya kusafisha kingamwili kwa polima zinazoitikia joto, yaani minyororo mirefu ya molekuli inayoyeyuka kwenye baridi na kujitenga na maji ikipata joto, yameandikwa na watu ambao chumba chao cha maabara kina nyuzi 20 hadi 25 za Sentigredi mwaka mzima. Wakisema "acha kwenye joto la chumba kwa robo saa", wanamaanisha hizo. Dar es Salaam msimu wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, joto la mchana hufika nyuzi 31 au 32, na chumba ambacho umeme umekatika na kiyoyozi kimezimika hakichukui muda kufika huko. Sasa polima inayotumika zaidi katika kazi hii, poli-N-isopropilakrilamidi, ambayo maabara nyingi huiita PNIPAM kwa ufupi, hujitenga na maji ikikaribia nyuzi 32. Kwa hiyo joto la chumba la Dar linaangukia palepale ambapo polima inageuka tabia. Mtu anafuata maelekezo neno kwa neno, anakosa mavuno, kisha anailaumu polima, anailaumu seramu (majimaji ya damu yenye kingamwili), mwishowe anamlaumu mwenzake aliyeandaa bafa, yaani maji yenye pH iliyodhibitiwa. Mwongozo huu nimemwandikia mtu huyo.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Mnyororo wa PNIPAM una sehemu zinazopenda maji na sehemu zinazoyakwepa. Kwenye baridi, molekuli za maji hujipanga kuuzunguka mnyororo, nao hubaki umetanuka na kuyeyuka. Joto likipanda, maji yale huachia, mnyororo hujikunja, minyororo hushikana, na mrija hugeuka mweupe kama tui la nazi. Heskins na Guillet waliieleza tabia hii mwaka 1968. Mwaka 1990 Chen na Hoffman walionyesha kwamba ukiiunganisha PNIPAM na protini A, ile protini ya bakteria Staphylococcus aureus inayoshika kingamwili upande wa mkia, mseto huo hunasa kingamwili za binadamu ukiwa umeyeyuka, hushuka nazo ukipashwa joto, na huziachia ukiwekwa kwenye tindikali. Familia ya pili ni polipeptidi zinazofanana na elastini, kwa kifupi ELP, ambazo hutengenezwa na bakteria kutoka kwenye jeni uliyoiandaa. Meyer na Chilkoti waliutumia mgeuko wao wa joto kusafisha protini mwaka 1999. Familia zote mbili husumbua kwa njia zinazofanana, hivyo nitazieleza pamoja na kutaja pale zinapoachana.

Kwanza kabisa: joto la ukungu la mrija wako, yaani joto ambalo polima huanza kuugeuza mweupe

Ile namba 32 ni ya PNIPAM kwenye maji safi, na hakuna anayesafisha kingamwili kwenye maji safi. Bafa ya fosfeti yenye chumvi, PBS, huishusha kwa nyuzi moja au mbili. Salfeti na sitreti huishusha zaidi. Thayosayaneti huipandisha. Kiasi kidogo cha viyeyusho kama methanoli, ethanoli au DMSO huishusha. Kama polima yako imechanganywa na kiungo kinachopenda maji, mathalani asidi ya akriliki, itapanda. Kama imechanganywa na kiungo kinachokwepa maji, itashuka. Kwa ELP kuna jambo la ziada: kadiri unavyoizimua ndivyo joto lake la ukungu linavyopanda, na kadiri mnyororo unavyokuwa mrefu ndivyo linavyoshuka. Kuunganisha protini A juu yake nako kunaweza kuisogeza.

Hivyo kipimo cha kwanza, ambacho nakiona muhimu kuliko vingine vyote humu, ni kujua mrija wako unapata ukungu kwenye nyuzi ngapi katika kila bafa utakayoitumia: ya kushikisha kingamwili, ya kuoshea na ya kubandulia kingamwili kutoka kwenye mseto. Weka mseto wako kwenye mrija mwembamba wa kioo kwa kiwango kilekile utakachofanyia kazi. Tumbukiza kwenye bafu la maji yaliyoanzia baridi, thamometa ikiwa ndani ya mrija wa pili wenye bafa tupu, na upandishe joto taratibu, nyuzi moja kwa dakika au pungufu. Kama una spektrofotometa yenye kishikilia kyuveti kinachopashwa joto, soma kwenye nanomita 500 na uandike joto ambapo mwanga unaopita umebaki nusu. Kama huna, weka kipande cha gazeti nyuma ya mrija. Joto ambalo herufi zinapotea ndilo unalolitafuta. Kisha shusha joto na uandike mrija umerudi kuwa maangavu kwenye nyuzi ngapi, kwa sababu kurudi mara nyingi huchelewa kuliko kwenda.

Bandika namba hizo ukutani juu ya meza. Hatua zote za kuyeyusha zifanyike angalau nyuzi kumi chini ya namba ya ukungu, na hatua za kushusha zifanyike angalau nyuzi tano juu yake. Huo ndio upana ninaouamini katika jiji hili. Mwenye chumba kilichotulia anaweza kujibana zaidi.

Ujue pia kwamba tarakimu inayosomeka kwenye bafu la maji ni ya bafu, wala si ya mrija. Mrija wa plastiki wa mililita 50 huchukua muda mrefu kufika joto la maji yaliyouzunguka. Thamometa nayo ihakikiwe: itumbukize kwenye mchanganyiko wa barafu iliyopondwa na maji, uukoroge, uone kama inasoma sifuri.

Mrija unakuwa mweupe mezani, hujaupasha bado

Hili ndilo lalamiko kubwa la miezi ya joto, na sababu yake kuu umekwisha kuiona. Mseto kwenye PBS wenye joto la ukungu la nyuzi 30, meza yenye nyuzi 31: polima imeanza kujikunja kabla haijakutana na kingamwili. Protini A iliyofichwa ndani ya vibonge hivyo haishiki chochote. Ukiendelea, utapata mashapo mazuri ya kupendeza yenye kingamwili kidogo sana, na ndiyo maana kosa hili husumbua watu kwa muda mrefu: kwa macho kila kitu kinaonekana kimekwenda sawa.

Rudisha mrija kwenye barafu. Ukirudi kuwa maangavu ndani ya nusu saa, basi tatizo ni joto tu. Fanya hatua ya kushikisha kwenye barafu au kwenye friji, si mezani, hata kama maelekezo yanasema vinginevyo. Barafu iwe na maji ndani yake, kwa sababu vipande vikavu hugusa mrija sehemu chache tu. Mashine ya barafu ya maabara ikiwa mbovu, barafu ya soko la samaki la Feri inayonunuliwa kwa ajili ya samaki inafaa kabisa kwa kazi ya nje ya mrija, mradi mifuniko imefungwa sawasawa na mirija imepanguswa kabla ya kufunguliwa.

Usipoangaza hata kwenye barafu, tafuta chumvi. Je, kuna aliyeongeza amoniamu salfeti mapema? Seramu yako ilisafishwa kwanza kwa kushushwa na salfeti na haikufanyiwa dayalisisi ya kutosha, yaani kuondolewa chumvi kupitia mfuko wenye vitundu vidogo mno? Hilo hutokea sana, maana kutenga kingamwili kwa amoniamu salfeti ni kazi ya kawaida na watu huona dayalisisi ya saa mbili inatosha. Salfeti iliyobaki huingia na sampuli na kushusha joto la ukungu bila taarifa. Ipime kwa matone machache ya bariamu kloridi kwenye maji ya mwisho ya dayalisisi, iwe dayalisisi uliyoifanyia maji matupu au bafa isiyo na fosfeti, kwa kuwa fosfeti nayo huleta weupe. Ukiona mawingu, salfeti bado ipo.

Kuna sababu ya tatu isiyohusu polima kabisa: mafuta. Seramu ya mtu au mnyama aliyetoka kula huwa na weupe wake, nao hauondoki kwenye barafu. Zungusha seramu peke yake kwanza kwenye sentrifuji, mashine inayozungusha mirija kwa kasi, ondoa tabaka la mafuta juu, ndipo uendelee.

Umefika nyuzi 37 na mrija bado ni maji maangavu

Hapa mambo yamegeuka, na Dar tatizo hili huja zaidi kipupwe au kwa wenye viyoyozi vikali. Kagua joto ndani ya mrija kabla ya kugusa kitu kingine. Likiwa kweli limefika, uliza maswali haya kwa mfuatano.

Je, mseto umezimuliwa mno? ELP iliyozimuliwa inaweza kuhitaji joto ambalo kingamwili zako hazitalipenda. Dawa yake ni chumvi: chumvi ya kawaida ya 1 hadi 3 M (moli kwa lita), au amoniamu salfeti ya takriban 0.1 hadi 0.4 M, huleta ukungu kwenye joto la chini. Usiogope kwamba salfeti kiasi hicho itazishusha kingamwili zenyewe, 0.4 M ni kama sehemu moja ya kumi ya ujazo kamili, na kingamwili huanza kushuka kwa wingi mbali juu ya hapo. Ongeza polepole huku ukikoroga, usiweke kijiko kizima mara moja.

Je, kuna sabuni? SDS, sabuni ya kawaida ya maabara, hujishikiza kwenye mnyororo wa PNIPAM na kuuzuia usijikunje, na vyombo vilivyooshwa kwa sabuni bila kusuuzwa vya kutosha vinatosha kuleta kero. Suuza kwa maji yaliyochujwa mara kadhaa, rudia na mrija mpya kutoka kwenye pakiti, ulinganishe.

Je, polima yako ina asidi ya akriliki nyingi? Kwenye pH 7.4 asidi hizo zimechajiwa, zinapenda maji, na joto la ukungu linaweza kupanda mbali kuliko 37. Hapo hakuna ujanja wa mezani utakaokufaa isipokuwa chumvi au polima nyingine.

Na kama ni ELP iliyokaa muda mrefu kwenye friji bila kinga, huenda vimeng'enya vimeikatakata. Mnyororo mfupi, joto la juu. Ipitishe kwenye jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa, uone.

Ukungu ulikuwepo, lakini baada ya kuzungusha hakuna mashapo

Nenda moja kwa moja kwenye sentrifuji usome joto lake. Sentrifuji nyingi zenye jokofu huachwa kwenye nyuzi 4, kwa kuwa karibu kazi nyingine zote za protini zinataka baridi. Wewe umepasha mrija hadi 37, umeuingiza kwenye rota (kishikilia mirija kinachozunguka) ya nyuzi 4, na ndani ya dakika kumi za kuzunguka polima imeyeyuka tena. Hata joto likiwekwa sawa kwenye kioo, rota ya chuma nzito iliyolala kwenye baridi usiku kucha haipati joto kwa kubonyeza kitufe. Iweke nje mapema, au izungushe tupu kwenye nyuzi 37 hadi ipate moto.

Kwa uzoefu wa mji huu, sentrifuji ya zamani isiyo na jokofu ndiyo rafiki mkubwa wa hatua ya moto. Msuguano huipasha yenyewe, na chumba kisicho na kiyoyozi kinaisaidia. Itengee kazi hiyo, ile yenye jokofu ibaki kwa mizunguko ya baridi.

Hatari nyingine iko mikononi. Mashapo ya polima ni laini, hayashiki ukuta wa mrija kama mashapo ya chembechembe. Ukiyaacha dakika tano kwenye rafu chini ya upepo wa kiyoyozi, yanaanza kulainika pembeni. Ondoa maji ya juu kwa pipeti mara tu mashine inaposimama, mrija mmoja baada ya mwingine, mingine ikisubiri kwenye bafu la moto. Na bafa ya kuoshea lazima iwe ya moto na yenye chumvi ileile. Kuosha kwa PBS iliyotoka friji ni kumwaga kazi yote kwenye sinki.

Mashapo hayataki kuyeyuka tena

PNIPAM ikishajikunja na kukaa kwenye joto muda mrefu, minyororo hushikana yenyewe kwa yenyewe kwa vifungo vya haidrojeni, na kuitenganisha kunahitaji baridi kali kuliko ile iliyoanzia. Usiitarajie iyeyuke kwenye nyuzi 28 kwa kuwa tu ilipata ukungu kwenye 30. Weka bafa baridi, acha kwenye barafu yenye maji kwa nusu saa, vuta na kusukuma kwa pipeti taratibu bila kutengeneza povu. Usitumie vortex, mashine ya kutikisia mirija, kwa nguvu. Kingamwili haipendi povu.

Vipande vikibaki baada ya saa nzima kwenye barafu, vingi si polima tena bali protini za seramu zilizoharibika na kunaswa. Hapo ndipo mzunguko wa baridi unapokuwa na maana: zungusha kwenye nyuzi 4, tupa mashapo, endelea na maji ya juu. Wengi huiruka hatua hii ili kuokoa muda, halafu hushangaa usafi unapogoma kupanda hata wakirudia mizunguko ya moto.

Na ujizuie kuiacha polima kwenye joto zaidi ya inavyohitajika. Umeme ukikatika ukiwa katikati ya hatua ya moto, usiyaache mashapo yakusubiri kwenye maji yanayopoa ovyo. Mimina bafa baridi, yeyusha, weka kwenye barafu, uanze tena mzunguko umeme ukirudi. Katika hali ya kuyeyuka, kwenye pH ya kawaida na baridi, mseto uliobeba kingamwili unaweza kusubiri bila madhara makubwa.

Polima inashuka na kupanda vizuri, kingamwili haipatikani

Anza na mnyama, kisha hesabu, kisha kemia.

Protini A haipendi wanyama wote sawa. Kingamwili za sungura huzishika vizuri sana. Za binadamu huzishika vizuri pia, isipokuwa aina ya IgG3, ambayo kwa sehemu kubwa huipita. Za mbuzi na kondoo huzishika kwa udhaifu, na IgG1 ya panya vilevile. Kingamwili za kuku, IgY, hazishikwi kabisa. Mtu aliyemchanja mbuzi kwa sababu ndiye mnyama aliyekuwa rahisi kumpata, kisha akatumia mseto wa protini A, hana tatizo la polima. Atafute mseto wenye protini G, protini nyingine ya bakteria inayoshika kingamwili.

Hesabu nayo ifanywe kwenye karatasi. Protini A ina uzito wa karibu kilodaltoni 42 na kingamwili 150. Tukisema kila molekuli ya protini A inashika kingamwili mbili, miligramu moja ya protini A hubeba kama miligramu saba za kingamwili, ikiwa haijapoteza kitu. Mililita moja ya seramu ya mtu mzima ina kama miligramu kumi. Kwa hiyo hata katika hali nzuri kabisa miligramu moja haitoshi kwa mililita moja, na mseto wa kweli haufikii hali hiyo. Punguza seramu au ongeza mseto; kisha pima maji ya juu ya mzunguko wa kwanza uone kama kingamwili zimebaki humo. Zikiwa zimebaki nyingi, hujapoteza chochote: yapitishe maji hayohayo tena.

Mnyama akiwa sawa na hesabu ikiwa sawa, rudi kwenye siku mseto ulipotengenezwa. Polima yenye kichwa cha NHS, kikundi cha kemikali kinachoshikana na amini, huungana na lisini za protini A. Zikiungana nyingi kupita kiasi, sehemu za kushika kingamwili zinafunikwa. Zikiungana chache, protini A nyingi hubaki huru: hunasa kingamwili yako vizuri na kubaki nayo kwenye maji ya juu ukipasha. Kichwa hicho kinauawa na maji, na hapa hewa ya Dar inaingia kazini. Ukitoa chupa kwenye friza na kuifungua hapohapo, unyevu wa hewa unatua ndani yake na kuanza kuharibu kichwa cha NHS kabla hujapima hata miligramu. Iache ikiwa imefungwa, ndani ya chombo chenye kikausha unyevu, hadi ipate joto la chumba, ndipo ufungue. Gawa unga kwenye vichupa vidogo siku ya kwanza ili usifungue chupa kubwa kila mara. Na uunganishaji usifanyike kwenye Tris au glisini. Zina amini zinazomaliza NHS yote kabla ya protini.

Wanaotengeneza polima wenyewe wawe waangalifu na kitu kimoja cha usalama: etha ya diethili, inayotumika sana kuitenga PNIPAM, huchemka kwenye nyuzi 34.6. Chumba cha mchana wa Februari kiko nyuzi chache tu chini ya hapo, na mvuke wake huwaka kirahisi. Kwa kazi ya maji, kuishusha polima kwa maji ya moto na kuifanyia dayalisisi kwenye friji kunatosha mara nyingi. Dayalisisi hiyo isifanyike mezani, kwa sababu ikijikunja ndani ya mfuko, monoma (molekuli ndogo zinazounda polima) zisizoungana hunaswa humo nazo ni sumu.

Kubandua: mrija unakuwa mweupe ukiweka tindikali, au kingamwili inatoka imeharibika

Glisini ya 0.1 M yenye pH 3 hubandua kingamwili kwenye protini A. Kinachopaswa kutokea ni mseto kuyeyuka kwenye baridi ya tindikali, kuachia kingamwili, kisha kushuka peke yake ukipashwa, kingamwili zikibaki juu. Kama polima ina asidi ya akriliki, tindikali huiondolea chaji, joto la ukungu linaporomoka, na polima inaweza kujikunja hapohapo huku bado imekumbatia mzigo. Dalili yake ni weupe wa ghafla tone la kwanza linapoingia. Jaribu pH 3.5 hadi 4, ukiwa na arginini, asidi ya amino, ndani ya bafa, ambayo husaidia kubandua bila tindikali kali na hupunguza kingamwili kushikana. Sitreti, kama nilivyosema, hushusha joto la ukungu sana. Kwa kazi hii glisini ni salama zaidi.

Hatua hii ndiyo yenye hatari kubwa kwa kingamwili, kwa kuwa tindikali na joto vimekutana. Fanya haraka. Pasha hadi nyuzi tano juu ya ukungu na si zaidi, zungusha kwa muda mfupi, na uwe umeshaweka Tris ya 1 M, pH 9, kiasi cha sehemu moja ya kumi, ndani ya mrija utakaopokea maji ya juu, ili kingamwili ziangukie kwenye usalama.

Tris hiyo nayo ina mtego wake. pH yake hushuka kama 0.03 kwa kila nyuzi inayopanda. Bafa uliyoirekebisha hadi 8 kwenye chumba cha baridi cha nyuzi 4 itasoma karibu 7.3 kwenye chumba cha nyuzi 30. Rekebisha pH kwenye joto utakalolitumia, na mita ya pH isawazishwe kwa bafa zilizo kwenye joto hilohilo.

Kwa mtu ambaye kingamwili yake haivumilii tindikali hata kidogo, zipo protini A zilizobadilishwa ambazo hushika kwenye baridi ya chini ya nyuzi 10 na kuachia karibu na nyuzi 40 bila kubadili pH. Hizo huwekwa kwenye safu, yaani bomba lililojazwa punje ambalo sampuli hupitishwa ndani yake, nazo zinadai chumba cha baridi kisichotetereka.

Usomaji wa nanomita 280 unapanda wenyewe

Kyuveti yako inapata joto ndani ya mashine na polima iliyobaki inaanza ukungu. Mwanga unaotawanywa husomeka kama protini. Soma nanomita 340 pia: isipokaribia sifuri, namba ya 280 haifai. Poza, soma haraka, au ondoa polima kwanza. NHS iliyoachiliwa nayo husomeka eneo hilo, kadhalika baadhi ya vichwa vyenye salfa vya polima zilizotengenezwa kwa RAFT, mojawapo ya njia za kutengeneza polima, ambavyo huipa rangi ya njano au waridi. Kwa kingamwili safi, miligramu moja kwa mililita husoma kama 1.4.

Bidhaa ya mwisho bado ina polima

Chukua sehemu ndogo, ongeza chumvi, pasha hadi 45. Ukungu wowote ni jibu tosha. Ukosefu wa ukungu peke yake hautoshi, kwa sababu kiasi kidogo sana hakionekani kwa macho, na jeli iliyotiwa rangi ya protini ya Coomassie haitakusaidia: PNIPAM haishiki rangi hiyo. Jeli itakuonyesha kingamwili kwenye kilodaltoni 50 na 25 ikiwa umevunja vifungo vya salfa, na protini A iliyovuja, ikiwa ipo. Minyororo mifupi ndiyo inayobaki juu kila mara. Iondoe mwanzoni kabisa, kabla ya kuunganisha protini A: shusha polima kwa moto mara mbili au tatu na utupe maji ya juu, kila unachokitupa kikiwa ni mnyororo ambao ungekusumbua baadaye.

Mseto uliotumika unaweza kurudishwa kwenye PBS, kuoshwa kwa mzunguko mmoja wa moto na mmoja wa baridi, na kuhifadhiwa kwenye nyuzi 4 ukiwa na sodiamu azidi ya asilimia 0.02. Kabla ya kila matumizi mapya pima tena joto la ukungu, ulinganishe na namba iliyo ukutani. Likisogea kwa zaidi ya nyuzi mbili, au mavuno yakishuka chini ya nusu ya yale ya mara ya kwanza, andaa mpya.